Introvati Nairobi: Venye Unaweza Sema "Leo Siwezi" Bila Kukosana na Mabeshte

Jumamosi moja, saa moja jioni, nilikuwa nimelala kwa bedsitter yangu Roysambu nikiwa nimezima taa. Si ati stima ilikuwa imepotea. Nilikuwa nimejificha.

Beshte yangu alikuwa nje anabisha. Nilimjua kwa hodi yake, anagonga mara tatu halafu anaita jina kwa sauti ya chini. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwambia kwa simu niko ocha. Uongo mtupu. Wiki yote nilikuwa nimeshinda kazini nikibonga na wateja, jioni narudi na mat ya ngoma mpaka dirisha zinatetemeka, na kitu pekee nilitaka ni masaa kadhaa ya kukaa kimya na chapo zangu mbili na muvi. Sikuwa na nguvu ya kuongea na mtu. Lakini pia sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo, basi nikadanganya.

Halafu simu yangu ikaita. Nilikuwa nimesahau kuiweka sailenti.

Ni yeye alikuwa anapiga. Akasikia simu inalia ndani ya nyumba ya mtu mwenye ako ocha. Akakata. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi, polepole, bila neno lolote.

Ilipita kama miezi miwili hivi ndio mtu mwingine akaniambia ukweli. Siku hiyo mbuyu wake alikuwa amelazwa ghafla. Jamaa alikuwa anatafuta tu mtu wa kukaa naye kidogo kabla aende hosi.

Nimereason hiyo siku mara mingi sana. Kutaka kukaa pekee yangu hakukuwa makosa. Kila mtu ana haki ya kupumzika kwake. Makosa ni kwamba sikuwahi kumwambia beshte yangu venye mimi niko, basi kila wikendi nilikuwa natunga stori mpya. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo mlangoni.

Kama wewe ni mtu wa kupenda utulivu na unaishi hii Nairobi yetu ya kelele, hii ni yako. Tuongee kuhusu kuweka mipaka pole pole, bila madharau, bila kuzima simu wiki mzima, na bila kujificha gizani kama mtu anadaiwa rent.

KWANZA TUELEWANE: INTROVATI NI NANI?

Neno introvati lilivuma kupitia daktari wa akili kutoka Uswisi anaitwa Carl Jung. Mwaka wa 1921 alitoa kitabu cha kueleza aina za hulka za watu. Kwa ufupi, alisema kuna wenye nguvu zao zinaelekea ndani, kwa mawazo na hisia zao, na kuna wenye zinaelekea nje, kwa watu na mambo yanayoendelea. Hao wa pili ndio ekstrovati. Watu wengi tuko mahali fulani katikati, wengine wanaegemea huku, wengine kule.

Baadaye mwanasaikolojia Hans Eysenck, aliyefanya kazi Uingereza, akaleta wazo kwamba ubongo wa introvati huwa tayari umechangamka hata kukiwa kumetulia. Kwa hivyo kelele kidogo na watu kidogo vinamtosha. Ekstrovati naye anahitaji shughuli zaidi ndio ajiskie yuko fiti. Wataalamu wamebishana sana kuhusu hiyo nadharia, lakini inasaidia kuelewa kitu kimoja: watu wawili wanaweza kuwa kwa sherehe moja, wacheze ngoma moja, halafu mmoja aende kwake akiwa na nguvu mpya na mwingine aende akiwa amemalizika kabisa.

Fikiria simu mbili. Moja inachajiwa ikiwa kwa watu. Nyingine, kila mtu mwenye unabonga naye anakula asilimia fulani ya betri, na chaji iko nyumbani, kwa kimya. Hakuna simu mbovu hapo. Zinatofautiana tu mahali pa kuchaji.

Mwaka wa 2012 Mmarekani Susan Cain aliandika kitabu kinaitwa Quiet akitetea watu wakimya, na kikasomwa dunia nzima. Alisema shule na ofisi nyingi zimepangwa kana kwamba kila mtu anafaa kuwa mwongeaji. Ukikumbuka venye tulikuwa tunawekwa kwa grupu darasani na mwenye sauti kubwa ndiye anachukuliwa kuwa mwerevu, utajua anamaanisha nini.

Sasa kuna vitu tatu huku mtaani watu huchanganya na kuwa introvati.

Ya kwanza ni kujiskia. Ukipita bila kupiga stori na kila mtu kwa ploti, unaambiwa unaringa. Kumbe masikini wewe umechoka tu.

Ya pili ni aibu. Mtu wa aibu anataka kuongea lakini anaogopa. Introvati anaweza simama mbele ya watu mia mbili aongee vizuri, halafu aende kwake alale.

Ya tatu ni hofu kali ya watu, ile ya moyo kudunda, jasho mikononi, na kukosa interview au darasa kwa sababu huwezi vumilia kuonwa. Hiyo ni kitu ingine na inatibika. Usijiambie ni hulka yako tu wakati ni shida ya kusaidiwa.

MBONA NAIROBI NI NGUMU HIVI?

Kuna miji yenye mtu anaweza kaa mwaka bila kujua jirani. Huku kwetu, ukiishi ploti ya Pipeline, Umoja au Kahawa West, waya ya kuanika nguo ni ya wote, mfereji ni wa wote, na ukuta ni mwembamba mpaka unajua jirani anatazama mechi gani. Mlango wazi ni ishara ya ujirani mwema. Ukifunga wako saa kumi jioni watu wanauliza kama uko mgonjwa.

Pia tumelelewa tukijua mgeni ni baraka. Hakuna mathe wa Kikenya atakuambia "mgeni amekuja, mwambie umechoka." Utaambiwa weka maji ya chai kwa jiko. Hiyo ni mila poa, na wengi wetu tumesaidika nayo. Ndio maana kusema "leo siwezi" kunaskika kama tusi.

Halafu kuna pesa. Hii watu hawaisemi sana lakini ndio inauma. Introvati mwenye hawezi kukataa hulipa. Unaogopa kusema huji, unaenda. Ukifika unachanga ya nyama, unachanga ya kinywaji, sherehe inasonga kutoka Thika Road mpaka Westlands, na saa nane usiku unalipa Uber ama boda kwa sababu mat ni mbili tu na zimejaa. Jumapili umeamka betri iko sufuri, M-Pesa iko sufuri, na Fuliza inakungoja. Na haukuwa unataka kwenda tangu mwanzo.

VITU NNE ZA KUSHIKA

Kabla tuingie kwa kila hali, shika hizi nne. Zinafanya kazi karibu kila mahali.

Sema mapema. "Siji" ya Jumatano ni habari. "Siji" ya Jumamosi saa mbili usiku, watu wakiwa wamekungoja kwa stage, ni matusi.

Sema kwa ufupi. Ukianza kueleza sana, unampa mtu vitu vya kujibu. Ukisema huna fare, atakutumia. Ukisema kuna mvua, atakuambia imeisha. Ukisema "leo nataka kupumzika," hakuna kitu cha kurekebisha hapo.

Sema ukweli. Si lazima ueleze kila kitu, lakini usitunge. Uongo unahitaji kukumbukwa, na mtu amechoka hana nguvu ya kukumbuka alisema ako wapi.

Toa siku ingine. Hii ndio inafanya mpaka uwe mpole. "Leo siwezi, lakini Jumanne jioni niko, tukunywe chai" inamwambia mtu kwamba hujamkataa yeye. Umekataa siku. Halafu hiyo Jumanne uende kweli. Ukianza kutoa siku za uongo, umerudi penye ulitoka.

BESHTE WA KUJA BILA KUPIGA SIMU

Huyu hana nia mbaya. Kwake, kuja bila kupiga ni ukaribu. Usimngoje akiwa mlangoni na smokie mkononi ndio umwambie. Mwambie siku nyingine mkiwa fiti, mkitembea ama mkidishi.

"Buda, mi huwa nachoka nikikaa na watu sana, hata wenye nawapenda. Ukitaka kukam, nitext kwanza. Nikikuambia niko poa, ujue niko poa kabisa."

Hiyo sentensi ya mwisho ndio tamu. Unamwambia kwamba "karibu" yako ni ya ukweli, si ya kumvumilia. Watu wengi wangependa kujua hivyo.

Na akija tu bila kusema? Fungua mlango. Usizime taa, chukua hiyo kutoka kwangu. Msalimie, halafu sema muda: "Niko na kama nusu saa, halafu nataka kulala." Kusimama mlangoni ukiongea dakika tano pia inakubalika. Si lazima kila hodi ifike mpaka kwa kiti.

SHEREHE: INGIA MAPEMA, TOKA MAPEMA

Watu hudhani introvati ni wa kukataa kila mwaliko. Zii. Birthday ya beshte ni muhimu na ukikosa tatu mfululizo, ya nne hutaitwa. Ujanja ni kujua venye utaingia na venye utatoka.

Fika mapema. Watu wakiwa watano unaweza bonga na mwenye birthday vizuri, kuliko ufike wakiwa arobaini na spika imefunguliwa yote.

Sema wakati wa kutoka ukifika, si ukichoka. "Niko hadi saa tatu" ikisemwa saa kumi na mbili, hakuna mtu ataishtukia. Ukiisema saa tatu yenyewe, utazuiliwa mlangoni na watu wanne wakikuuliza mbona unaboo.

Kuwa na fare yako ya kurudi. Usitegemee gari ya mtu, ju utatoka wakati yeye anataka kutoka, na huyo kawaida ndiye wa mwisho kabisa.

Tafuta kazi. Simama kwa jiko la nyama, geuza mishikaki, kata kachumbari. Mtu mwenye mikono iko bize haulizwi "mbona umenyamaza?" Anaulizwa "nyama imeiva?" Hiyo ni stori fupi sana na kila mtu anaipenda.

Na ukiskia betri imefika chini, toka nje dakika kumi upate hewa. Si lazima uende nyumbani. Wakati mwingine hiyo pekee inatosha kukurudisha saa moja ingine.

KAZIN KUTOKA SHAGS

Hii ni ngumu kuliko zote. Kazin amepata interview ama amekuja kutafuta kazi, na wewe ndiye mtu wa familia yuko Nairobi. Nyumba ni chumba kimoja. Kitanda, jiko, meza na choo, vyote mnavitumia wawili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukiangalia vizuri, huo ulikuwa mpaka. Hata watu wa kitambo, na ukarimu wao wote, walijua kuna siku mgeni anaacha kuwa mgeni. Na hawakusema umfukuze. Walisema umpe jembe, yaani mpange maisha pamoja.

Fanya hivyo siku ya kwanza, si ya kumi na nne ukiwa umefura. "Karibu sana. Wacha tupange. Tukae pamoja mpaka mwisho wa mwezi, halafu tuangalie ni nini itakuwa imetokea." Gawanyeni kazi: nani anapika, nani anaosha vyombo, nani ananunua tokeni za stima wiki gani.

Halafu omba saa yako. "Nikitoka job huwa nakaa kama saa moja bila kuongea. Usidhani nimekasirika. Ndio venye kichwa changu hupoa." Vaa earphone hata kama hakuna kitu inacheza. Yeye pia mpe ruhusa ya kuomba saa yake. Pengine naye ni mkimya na amekuwa akipiga stori usiku kucha akidhani unapenda.

Kama hakuna kona ya kujificha kwa nyumba, toka. Nairobi bado ina mahali pa kimya ukitafuta. Arboretum, pale karibu na State House, ilianzishwa 1907 na miti yake bado inatoa kivuli. Karura iko na njia za kutembea masaa. Ukikosa fare, zunguka estate asubuhi kabla watu waamke. Kutembea pekee yako pia ni kuchaji.

GRUPU ZA WHATSAPP

Hesabu zako saa hii. Grupu ya familia ya babaa, ya mathe, ya ploti, ya darasa la high school, ya chama, ya job, ya job bila bosi, ya harusi ya mtu mwenye alishaoa na hata ako na mtoto.

Zima sauti kwanza. WhatsApp inakuruhusu kunyamazisha grupu milele na hakuna mtu anajua. Halafu ziweke kwa akaivu zisikuangalie kila ukifungua simu. Tangu 2019 unaweza pia kuchagua kwa setingi nani anaruhusiwa kukuingiza kwa grupu, na tangu 2022 unaweza kutoka bila watu wote kuona ile meseji ya "ameondoka." Admini pekee ndio hujulishwa.

Lakini tofautisha. Grupu ya harusi iliyoisha, toka. Grupu ya familia, kaa. Huko ndiko utajua shosh amelazwa. Weka mpango wako: ingia mara moja kwa siku, ukienda kulala. Kukiwa na mchango, tuma kitu chako kwa mweka hazina na uandike sentensi moja: "Nimetuma, poleni sana." Hiyo sentensi moja ina uzito kuliko emoji ishirini. Watu hawataki uwe mwongeaji. Wanataka kujua uko.

Na hii ya kuulizwa "mbona umeniblue tick?" jibu lake ni rahisi. "Nimeiona, nitakujibu nikiwa na nguvu ya kukujibu vizuri." Halafu jibu. Siku hiyo ama kesho yake.

KAZINI

Ukiwa kazi ya kuongea na watu, kama customer care, duka la simu, kinyozi ama salon, betri yako inaliwa kutoka saa mbili asubuhi. Kuna mahali moja rahisi ya kuweka mpaka: lunch. Huwezi kula na timu kila siku na huwezi kula pekee yako kila siku. Chagua. Siku mbili na wenzako kwa kibanda ya githeri, tatu pekee yako. Waambie wazi: "Leo wacha nikule nikipumzisha kichwa, kesho tuko pamoja." Baada ya wiki mbili hakuna mtu atauliza.

Bosi ni mambo mengine. Kwa bosi usianze na hisia, anza na kazi. Badala ya "sipendi kupigiwa usiku," jaribu: "Madam, meseji za baada ya saa moja jioni nitakuwa nazijibu asubuhi na mapema kabla kazi ianze. Ikiwa ni ya dharura, nipigie tu simu nitashika." Umeheshimu, umetoa mpango, na umeacha mlango wa dharura. Hakikisha tu asubuhi unajibu kweli.

MPENZI

Hapa ndio kimya huvunja watu. Umerudi, umechoka, unajibu "mm" na "aah." Wewe unachaji. Yeye kwa kichwa chake ashaanza kuhesabu ni nani mpya amekutokea.

Kimya bila maelezo huwa kinaskika kama beef. Kwa hivyo kipe jina na kipe mwisho. "Babe, siko na ubaya na wewe. Nimechoka na watu. Nipe mpaka saa tatu halafu nikupigie." Dakika moja ya kuandika hiyo inaokoa usiku mzima wa kuelezana.

Na kama nyinyi wawili mko tofauti, yeye wa kutoka na wewe wa kukaa, si lazima mmoja ashinde. Aende na mabeshte wake Ijumaa, ukae. Jumapili mtoke pamoja. Shida inaanza wakati mmoja anaona upendo ni kufanana.

MATHE, MA-AUNTIE NA WAZEE

Huku kuna sheria zake. Mkubwa humwambii "siwezi" vile unamwambia beshte. Hata neno "mipaka" ukimtajia mathe atadhani unaongea juu ya shamba.

Kwa wazee, panga wakati badala ya kukataa. "Mum, niko sawa, ni kuchoka tu. Nikupigie kesho jioni tukishakula, tuongee vizuri?" Halafu upige wewe kabla yake. Mathe mwenye anajua utampigia kila Jumapili hatakupigia mara nne Jumanne. Anapiga sana kwa sababu hajui utapatikana lini.

Na ukiwa ocha Desemba, nyumba imejaa, na auntie anakuuliza utaoa lini mbele ya watu wote? Cheka. "Auntie, wewe utakuwa wa kwanza kujua." Halafu shika ndoo uende kuchota maji. Kwenda kisimani, kuangalia ng'ombe, kupeleka shosh church: kila boma liko na kazi za kumtoa mtu kwa kelele kwa heshima. Zitumie.

WAKIKASIRIKA JE?

Wengine watakasirika. Haswa kama miaka yote umekuwa mtu wa "sawa, nakam." Kwao ni kama umebadilika, na wana haki ya kushangaa.

Usianze kujitetea na usiongeze sababu. Rudia ile ile, kwa sauti ile ile. "Najua ulitaka nikuje. Leo siwezi. Jumanne niko." Mara ya pili, mara ya tatu, wataizoea.

Angalia pia ni nani anakasirika na kwa nini. Kuna mwenye ameumia kwa sababu anakukosa. Huyo mpe wakati, mtafute, mwambie unampenda. Na kuna mwenye anakasirika kwa sababu alikuwa anafaidika na wewe kutojua kukataa: nyumba yako ya kulala, gari yako, mchango wako. Huyo akienda, utaskia uchungu kidogo na afueni nyingi.

MPAKA SI KISINGIZIO

Tusidanganyane, kuna mahali hii yote inasimama. Beshte akifiwa, unaenda. Jirani akilia usiku, unafungua. Mtu akikuomba umshikie mkono hosi, unavaa viatu, hata kama betri ni asilimia mbili. Utalala Jumapili mzima baadaye. Tunaweka mipaka siku za kawaida ndio tubaki na nguvu ya siku kama hizo.

Na jiangalie wewe mwenyewe. Kukaa pekee yako kunafaa kukurudishia nguvu. Kama umekaa pekee yako wiki mbili na bado hulali, huskii njaa, vitu ulikuwa unapenda havikubambi tena, na unajiona huna maana, hiyo si kuwa introvati. Ongea na mtu mwenye unamwamini, enda hosi, ama piga 1199, laini ya bure ya Kenya Red Cross. Hakuna aibu hapo.

NA BESHTE YANGU?

Nilimtafuta. Ilichukua muda kupata ujasiri, ju ni rahisi kuandika hii yote kuliko kuketi mbele ya mtu mwenye alisikia simu yako ikilia. Tulikutana kwa kibanda cha chai pale Roysambu. Nikamwambia sikuwa ocha, nilikuwa nimechoka na watu na sikujua kusema. Nikamuuliza mbuyu anaendeleaje. Alikuwa ametoka hosi, anatembea na fimbo.

Jamaa alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Si ungesema tu. Mi ningekaa kimya. Sikuwa nataka kuongea pia."

Hiyo iliniuma kuliko angenitusi.

Saa hii tuko na mpango wetu. Akinitext huuliza, "Ni stori ama ni noma?" Yaani, mimi au yeye tunajibu kulingana na hali. Ikiwa ni stori na sijiskii, namwambia kesho, na hakasiriki. Ikiwa ni noma, mlango uko wazi saa yoyote, hata saa tisa usiku. Kwa mwaka mzima ametumia noma mara mbili. Mara zote mbili nilifungua.